Mashua inavuja hata baada ya kukalafatiwa

SWALI: Mashua yetu ya futi 24 tumeikalafati (kuziba maungio ya mbao kwa pamba) mara mbili tangu kaskazi ianze, na bado tunafua maji njia nzima. Tumeshauriwa tuifunike kwa faiba. Tukubali? (Mvuvi, Pangani)

JIBU: Msikubali, ndugu zetu. Faiba juu ya mbao kuukuu hufungia unyevu ndani. Ubao huoza bila kuonekana, na kwa kuwa mbao hucheza mawimbini, ganda lenyewe hubanduka.

Tafuteni kwanza panapovuja. Mashua ikiwa juu ya magadi (magogo ya kuiegemezea nchi kavu), mwagieni ndani maji ya bahari (maji yasiyo na chumvi huozesha mbao) yapande vidole vinne juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Nje, tieni alama ya mkaa kila panapochuruzika. Tone likitokea kwenye msumari, pamba haitasaidia: ama msumari umeliwa na kutu, ama taruma (ubavu wa ndani unaoshikilia mbao) limeoza na ubao unaachia. Chomeni taruma kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye boga, libadilisheni, kwa tawi lililopinda lenyewe mtini. Taruma lililokatwa pinde kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hupasuka, maana nyuzi zake zimekatwa. Ndiyo maana fundi wa kwetu hutazama kombo la tawi kabla ya kuinua shoka.

Tone likitokea kwenye maungio ya mbao, ng'oeni pamba yote ya zamani. Kupigia mpya juu ya kuukuu ni kazi bure. Kabla ya kutia mpya, pitisheni moto wa makuti chini ya mashua, haraka haraka, kuua wadudu wanaotoboa mbao. Kisha sokoteni pamba, iloweni kwa sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, ishindilieni kwa chembeu (patasi ya kukalafatia) na nyundo nyepesi, ikomee milimita 2 au 3 ndani ya uso wa ubao. Nyundo ikianza kudunda, acheni. Ukishindilia mno mbao zikiwa kavu, zikilowa huvimba, husukumana na kulegeza misumari. Huenda hilo ndilo lililowapata mara ya pili. Malizieni kwa kupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu (mafuta ya mnyama). Chokaa ikizidi itapasuka, shahamu ikizidi itayeyuka juani.

Ipandisheni siku mbili tatu kabla ya kilele cha bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu). Mkingoja kilele na kazi isiishe, maji hayataifikia tena hadi bamvua lijalo, kama siku 14, na mbao zitakauka mno. Ikishushwa, itavuja kidogo. Iacheni ielee kwenye maji haba siku mbili, mbao zinywe, ndipo mtweke tanga.