Kwa nini maji ya tumboni yanarudi

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini tumbo la mama, mwenye saratani ya ovari, limejaa tena wiki mbili tu baada ya kutolewa maji, na kama ni kwa sababu anakunywa maji mengi. Hapana, tafadhali msimnyime maji.

Uvimbe wa saratani ukikua hukosa oksijeni, na seli zake humwaga protini iitwayo VEGF. Hiyo huchochea mishipa midogo ya damu ichipue kuelekea kwenye uvimbe, lakini pia hulegeza kuta za mishipa. Majimaji ya damu, yenye protini, yanachuruzika tumboni. Ndiyo yale ya manjano mnayoyaona kwenye chupa, pengine yana wekundu. Mwaka 1983 Senger na Dvorak, watafiti wa huko Marekani, waliielezea kwanza kama kitu kinachovujisha mishipa.

Halafu kuna vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata vitu mwilini, viitwavyo MMP-2 na MMP-9. Hivi hukata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia tishu, seli za saratani zikapata upenyo wa kujishikiza kwenye pazia la mafuta lililo mbele ya utumbo. MMP-9 huifungulia pia VEGF iliyonaswa humo, kwa hiyo vinasaidiana.

Dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo zilijaribiwa, hazikufua dafu. Ya kuzuia VEGF, bevasizumabu, ipo na huweza kupunguza maji. Ila hupandisha presha, na mara chache hutoboa utumbo. Kama mama amewahi kuziba utumbo, mwambieni daktari wake wa saratani kabla hajaanzishiwa.