Maswali ya Wasomaji: Mama Alilala Hospitali Siku Nne, Lakini Hakulazwa

SWALI: Ninaishi Minnesota pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 79, ambaye ana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Alianguka bafuni akaumia nyonga, akakaa hospitali siku nne, kisha akahamishiwa kituo cha uuguzi kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Sasa tumeletewa ankara yote ya kituo hicho, kwa maelezo kwamba mama hakulazwa bali alikuwa “chini ya uangalizi”. Alikuwa kitandani wodini, ametundikiwa dripu. Mtu alazwe vipi zaidi ya hapo?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mama salamu zetu. Swali lako ni la haki, na jibu lake linaumiza: kwa Medicare, kulala hospitali na kulazwa hospitali ni mambo mawili tofauti. Mgonjwa huhesabiwa kuwa amelazwa pale tu inapotolewa amri rasmi ya kumlaza. Kabla ya hapo, hata akikaa wodini siku kadhaa akipewa dawa na kupigwa picha, huandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi, yaani ni mgonjwa wa nje ambaye madaktari bado wanapima kama wamlaze au wamruhusu arudi nyumbani.

Maandishi hayo ndiyo yanayoamua ni sehemu gani ya bima italipa. Sehemu A hugharimia kulazwa. Sehemu B hugharimia madaktari, vipimo na huduma za mgonjwa wa nje, uangalizi ukiwa miongoni mwake, na mgonjwa kwa kawaida hubeba asilimia 20 ya gharama baada ya kujilipia kiasi cha kwanza cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Kituo cha uuguzi nacho kiko chini ya Sehemu A, inayotaka mgonjwa awe amelazwa kwanza siku tatu mfululizo, ikihesabiwa siku ya kulazwa lakini si siku ya kutoka. Siku za uangalizi hazihesabiwi hata moja. Sharti hilo likitimia, siku 20 za kwanza kituoni hulipiwa zote, na kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia kiasi kwa kila siku, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 209.50. Kwa maoni yangu sharti hili halimtendei mzee haki. Limetokana na sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicare, wakati wagonjwa walipokuwa wakikaa hospitali muda mrefu kuliko sasa, na mahitaji ya mazoezi ya mzee aliyeumia nyonga hayapungui kwa sababu tu karatasi yake imeandikwa neno jingine.

Hata hivyo, msikimbilie kulipa. Angalieni kwanza kadi ya mama: ikiwa amejiunga na mpango wa Sehemu C, unaoendeshwa na kampuni binafsi kwa niaba ya Medicare, mipango mingi ya namna hiyo haidai siku tatu hizo. Kisha ombeni kumbukumbu zake zote za hospitali. Mgonjwa anayewekwa chini ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24 anatakiwa kupewa taarifa ya maandishi na kuelezwa kwa mdomo kabla ya saa 36 kupita; tafuteni karatasi hiyo, na kama hamkupewa, semeni hivyo kwa maandishi. Ikiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba alilazwa kwa amri ya daktari, halafu hospitali ikabadilisha hali yake kuwa uangalizi, ulizeni mara moja kuhusu rufaa, kwa kuwa tangu mwaka 2025 upo utaratibu wa rufaa kwa baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo. Kila jimbo lina washauri wa Medicare wanaosaidia bila malipo, nao watawasaidia kusoma ankara hiyo mstari kwa mstari.

Siku nyingine mzee akipelekwa hospitali, ulizeni siku ile ile ya kwanza, na mrudie kila asubuhi: “Amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?” Mkiambiwa ni uangalizi, mwombeni daktari aeleze sababu mgonjwa akiwa bado wodini.

SWALI: Baba yangu ana miaka 71 na alikuja Marekani miaka mitatu iliyopita kwa grini kadi. Mimi nimefanya kazi hapa na kulipa kodi kwa miaka 15. Je, anaweza kupata Medicare kupitia kwangu?

JIBU: Kupitia kwako, hapana; miaka ya kazi ya mtoto haihesabiwi kwa mzazi. Akishakaa Marekani miaka mitano mfululizo ataweza kujiunga kwa kulipa mwenyewe. Mwaka 2025 mchango wa kawaida wa Sehemu B ulikuwa dola 185 kwa mwezi, na Sehemu A, kwa asiye na historia ya kazi nchini humo, ilifika dola 518. Anaruhusiwa kuchukua Sehemu B peke yake. Wekeni alama kwenye kalenda miezi mitatu kabla miaka hiyo mitano haijatimia, kwa sababu dirisha la kujiandikisha hufunguliwa hapo, na akichelewa, mchango wake wa Sehemu B unaweza kuongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili iliyopita.