Tiba Mtandao na Utajiri wa Nchi

SWALI: Ndugu Mhariri, mbona tafiti nyingi za tiba mtandao, yaani kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa simu au intaneti, hutoka Marekani na Ulaya, ilhali sisi wenye zahanati za mbali ndio tunaoihitaji zaidi? Je, ni fedha tu? (Msomaji, Songea)

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zina uzito mkubwa, kwa kuwa utafiti hudai mishahara, umeme usiokatika, intaneti na kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa vizuri, na majarida mengi ya kisayansi humtoza mwandishi ada ya kuchapisha. Hata hivyo, haja nayo huchochea. Norwei ni tajiri, lakini ina watu wapatao milioni 5.5 tu, na bado mji wake wa Tromsø, kaskazini kabisa, ulikuwa kitovu cha utafiti huu tangu miaka ya 1990, kwa sababu vijiji vya huko vimetawanyika na madaktari bingwa walikuwa wachache. India, ambayo kipato chake kwa kila mtu ni kidogo, ilianza kuunganisha hospitali za mbali kwa setilaiti mwaka 2001.

Umoja wa Afrika uliweka lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi hazijalifikia. Pengo hilo linaniumiza, maana muuguzi wa kijijini anayempigia bingwa simu kila wiki ana maarifa ambayo hakuna anayemlipa ayaandike.