Usipande kabla hujapima chumvi ploti kwa ploti: jibu kwa mleta mada wa pamba ya Bura

Usipande. Umeandika kwamba una familia 160 za pamba, nusu zikitokana na aina ya HART 89M iliyozalishwa chotara na pamba ya nyuzi ndefu, na nusu zikitokana na aina ya UKM08 iliyozalishwa chotara na pamba hiyo hiyo. Umesema kwamba shamba lako la umwagiliaji liko Bura, Tana River, na kwamba sampuli moja ya udongo uliochanganywa kutoka shamba zima imeonyesha EC (kipimo cha chumvi kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme) ya 6 dS/m. Kisha ukauliza utumie alama gani za vinasaba, programu gani ya uchambuzi, maabara gani ipime nyuzi, na kama hiyo 6 inatosha kuitwa chumvi. Katikati ya maelezo yako, kwa sentensi moja tu, umetaja kwamba kundi la kwanza utalipanda upande wa juu wa shamba na la pili upande wa chini ili vibarua wasichanganye mbegu. Sentensi hiyo ndiyo ninayoijibu, kwa sababu kosa kama hilo limenigharimu mimi fedha za utafiti na mwaka wa masomo.

Nilifanya jambo hilo hilo katika delta ya Mto Manjano, mkoani Shandong nchini China, nilikokuwa nikisomea uzalishaji wa mbegu. Nilikabidhiwa mkusanyiko wa aina za pamba kutoka nchi mbalimbali, nikazipanda kwa mpangilio wa pakiti zilivyokaa kabatini: za Marekani kwanza, za China katikati, za Uzbekistan mwishoni. Kule maji ya chumvi yamo karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo kabla ya kupanda katika majira ya machipuko shamba hufurikishwa maji ili chumvi isukumwe chini. Shamba letu lilikuwa na mlango mmoja wa maji. Ploti zilizokuwa karibu na mlango zilioshwa vizuri, na zile za mwisho zilipata kile kilichobaki. Nilikuwa nikiyaona hayo kwa macho yangu, hata ukoko mweupe juu ya matuta ya upande wa mwisho niliuona, lakini sikuuingiza kwenye hesabu, kwa kuwa nilikwisha kuambiwa kwamba shamba zima limepimwa na lina chumvi ya wastani.

Majibu ya nyuzi yaliporudi kutoka maabara yalipendeza mno. Nyuzi za kundi moja zilikuwa fupi na dhaifu zaidi, maikronea yake (kipimo cha unene wa nyuzi) iko chini, na mchoro wa uchambuzi wa vinasaba ukasimamisha kilele kirefu kwenye kromosomu moja, yaani dalili kwamba hapo pana jeni linalohusika na nyuzi. Karibu na kilele hicho palikuwa na jeni la jamii ya NHX, ambalo kazi yake ni kuisukuma sodiamu iingie kwenye mfuko wa maji ulio ndani ya seli ili isiidhuru. Unaona hadithi inavyojipanga yenyewe? Nilikuwa na chumvi, nilikuwa na nyuzi, na nilikuwa na jeni la chumvi. Niliiwasilisha kwenye semina, watu wakapiga makofi, nami nikaanza kuwaza jina la jeni langu. Ukweli ni kwamba pamba tunayoilima ina jozi 26 za kromosomu na maelfu kwa maelfu ya jeni, na popote kilele kitakapoangukia hutakosa jirani mmoja anayebeba ioni fulani, ukiwa na hamu ya kutosha ya kumtafuta.

Kilichonizindua ni penseli za rangi. Nilikuwa natayarisha mchoro wa shamba kwa ajili ya kiambatisho cha tasnifu, nikapaka rangi nyekundu kila ploti yenye nyuzi fupi. Wekundu ulijikusanya wote upande wa mwisho wa mfereji, na pale palipokuwa na bonde dogo katikati ya shamba uliingia hadi kwenye ploti za aina za China, halafu ukarudi nyuma kwa kuufuata ukingo wa bonde. Jeni halifuati ukingo wa bonde. Nilichukua kipimo cha mkononi nikaenda kuchimba ploti kwa ploti, nikakuta kwamba chumvi ya ploti za mwisho ilizidi ya zile za mlangoni zaidi ya mara mbili. Kwa maneno mengine, alama yoyote ya vinasaba iliyotofautisha pamba ya Uzbekistan na ya Marekani ingeonekana kuwa ndiyo inayofupisha nyuzi. Msimu uliofuata nilizichanganya aina zote kwa bahati nasibu, kilele changu kikatoweka. Wenzangu hadi leo wananiita mgunduzi wa jeni la umbali kutoka mlango wa maji, na nimekubali cheo hicho kwa sababu sikupata kingine.

Sasa niseme juu ya walionipoteza. Msimamizi wangu mmoja alikuwa akirudia kwamba pamba ni zao linalostahimili chumvi, kwamba mavuno hayaguswi mpaka EC ipite 7.7 dS/m, na kwamba kupima kila ploti ni kupoteza muda wa mwanafunzi. Mwingine, mtaalamu wa takwimu ambaye sidhani kama aliwahi kutia mguu shambani, alinihakikishia kwamba programu itasahihisha tofauti zote za shamba yenyewe. Itasahihisha kwa kutumia nini, ikiwa hakuna safu hata moja ya chumvi kwenye jedwali? Programu iliona makundi ya asili tofauti na nyuzi tofauti, na kwa kuwa vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja kwa sababu ya uzembe wa upandaji, haikuwa na njia ya kuvitenganisha.

Hiyo 7.7, mkuu, wengi huitumia vibaya. Ni kiwango cha mavuno, ambayo hupungua takriban asilimia 5.2 kwa kila dS/m moja inayoongezeka baada ya hapo. Hakikuwekwa kwa ajili ya ubora wa nyuzi, na mche mchanga huumia mapema zaidi ya mmea uliokomaa. Isitoshe, kilipatikana kwa maji yaliyokamuliwa kwenye udongo ulioloweshwa hadi ukajaa. Ikiwa maabara yako ilichanganya sehemu moja ya udongo na tano za maji, basi 6 yako ni kitu kingine kabisa na ni kubwa kuliko unavyodhani. Waulize leo walitumia njia gani.

Nyuzi nazo zina kalenda yake. Kila unyuzi ni seli moja inayoota kwenye ngozi ya mbegu, ikaanza kurefuka siku ua linapofunguka, na kuendelea kwa muda wa kama wiki tatu, ikisukumwa na shinikizo la maji ambalo potasiamu ni mojawapo ya nguzo zake. Sodiamu ikijaa kwenye udongo hugombania njia na potasiamu hiyo, mmea nao hupata taabu kuvuta maji, na unyuzi huishia njiani. Baada ya hapo seli hujijaza selulosi ukutani kwa wiki nyingine kadhaa, na mmea uliochoka huijaza nusu nusu. Ndiyo maana maikronea ya chini isikufurahishe haraka: kipimo hicho huchanganya wembamba wa unyuzi na ukomavu wake, hivyo familia yenye nyuzi nyembamba kwa kurithi na familia iliyonyimwa chakula na chumvi zinaweza kukupa namba moja. Na kwa kuwa mmea mmoja huchanua kwa wiki nyingi, tumba la chini na tumba la juu hayakukutana na chumvi ile ile. Chuma sampuli kwenye matawi ya katikati, matumba yaliyo karibu na shina, kwa kila ploti bila kubadilisha.

Kwa hiyo sharti langu ni hili, na sitalilegeza: sampuli yoyote ya nyuzi isiondoke shambani bila kipimo cha chumvi cha ploti hiyo hiyo. Pima kabla ya kupanda, pima tena maua yanapoanza kushamiri, na pima matumba yanapopasuka, kwa sababu chumvi ya mwezi wa kupanda siyo itakayoukuta unyuzi. Chukua udongo wa juu na ule wa sentimita 20 hadi 40, hasa huko Bura ambako udongo wa chini ndio wenye chumvi na magadi zaidi, na usiache kupima pH na sodiamu kwenye baadhi ya ploti, kwani EC peke yake haiyaonyeshi magadi. Kama fedha ni kidogo, punguza familia ziwe 80, uzirudie mara mbili mahali tofauti, usipunguze vipimo. Familia za machotara wote wawili zichanganywe kwa bahati nasibu shamba zima, na HART 89M tupu ipandwe kila baada ya ploti chache ili ikuonyeshe ardhi inavyobadilika wakati mbegu haibadiliki. Kipimo cha chumvi kiingie kwenye hesabu kwanza, na vinasaba vifuate.

Kuhusu vibarua, wape vibao vya bati vyenye namba, kimoja kwa kila ploti, na karatasi ya mpangilio abaki nayo mtu mmoja. Chora shamba lako ukionyesha mlango wa maji, mteremko na mabonde, uweke mchoro huo hapa kabla hujafungua hata pakiti moja ya mbegu.