Kwa nini mwenye shamba Busoga ananunua unga

Ndugu, umeuliza inakuwaje mkulima wa Busoga, mashariki mwa Uganda, mwenye ardhi yake anunue unga wa posho (unga wa mahindi) dukani. Jibu liko kwenye miwa. Zamani wanunuzi wakubwa wa miwa walikuwa wachache, kiwanda cha sukari cha Kakira kikiwa cha mbele. Viwanda vilipoongezeka Mayuge, Kaliro na Kamuli, vikaanza kugombania miwa, bei ikapanda, na watu wakang'oa mihogo na viazi vitamu, wakapanda miwa hadi ukutani mwa nyumba. Muwa wa kwanza huchukua kama miezi 18 kabla ya kukatwa, kwa hiyo asiye na akiba humkodishia ardhi mwenye mtaji kwa miaka kadhaa, anakula fedha ya kodi mapema, kisha anarudi katika shamba lilelile akiwa kibarua wa kupalilia, analipwa kwa kipimo cha mistari. Hapo ndipo kazi ya shamba inapobadilika sura: nguvu za mama, zilizokuwa zikilisha nyumba kwa maharagwe na viazi, zinauzwa kwa siku, na watoto wa shule huonekana wakikata na kupakia miwa msimu wa mavuno. (Mikataba ya kukodisha ardhi, kwa kawaida, hutiwa saini na baba peke yake.)

Bei ya miwa ikianguka, kama ilivyowahi kutokea, kung'oa mashina si kazi ya siku moja, wala mkataba wa kukodisha hauvunjiki kwa sababu nyumba ina njaa.