Usikimbilie jiwe laini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amenunua kinoo cha namba 12000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi), amenoa wembe wake wa kukunja siku tatu mfululizo, na bado unamng'oa ndevu. Anauliza kama auuze. Usiuuze, ndugu yangu. Nami nilipita hapo hapo.

Wembe wangu wa kwanza niliuhangaikia miezi minne. Nikaupeleka kwa kinyozi mkongwe aupime. Aliujaribu kwenye unywele mmoja wa mkono, akaufunga, akasema kunoa si kazi ya kila mtu. Basi. Kosa hakunionyesha. Maneno yale yananiuma mpaka leo, maana angeweza kuniambia jambo moja tu: makali hayajaundwa. Pande mbili za wembe zilikuwa hazijakutana ukingoni, na mimi nikawa nang'arisha ubutu kwa mawe ya bei mbaya.

Nililigundua mwenyewe, kwa kalamu ya maka. Nilipaka wino ukingo wote, pande zote mbili, nikaupitisha wembe mara tano kwenye jiwe namba 1000, nikautazama kwa lenzi chini ya taa. Wino ulikuwa umetoka upande wa kuelekea mgongo. Kwenye ukingo wenyewe ulibaki mweusi. Jiwe halikuwa likifika pale! Nilikaa na hilo jiwe moja jioni mbili, napaka, napitisha, natazama, hadi wino ukawa unatoka wote toka kisigino, upande wa mpini, hadi nchani. Namba 4000, 8000 na 12000 zilifuata bila shida. Kesho yake nilinyoa shavu zima nikisikia tu mlio mwembamba wa ndevu zikikatika, na sioni haya kusema nilijivunia.

Kwa hiyo anzeni na jiwe la namba ya chini, na msiliache mapema. Mgongo na ukingo vilale juu ya jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio unaotunza pembe, ukiuinua umeipoteza. Kwenye jiwe hutangulia ukingo. Kwenye mkanda wa ngozi, ule wa kusugulia wembe baada ya jiwe, hutangulia mgongo, na unapogeuza, geuzia mgongoni, la sivyo utaukata mkanda na kuua makali. Msikandamize. Kwenye jiwe la mwisho uzito wa wembe wenyewe unatosha. Wengi wetu tunakandamiza kwa sababu tuna haraka, na haraka hiyo ndiyo inayotufanya tununue jiwe la tano kabla hatujalijua la kwanza. Kuweni na subira, jamani.

Makali yakishapatikana, mkanda kabla ya kila kunyoa utayatunza miezi kadhaa bila kurudi kwenye jiwe. Ukimaliza kunyoa, kausha wembe vizuri na uupake mafuta kidogo. Chuma cha kaboni hushika kutu upesi, na kutu huanza kula ukingoni.

Wewe uliyeniandikia, weka hiyo 12000 kabatini. Tafuta namba 1000, paka wino leo, kisha niambie umebaki wapi.