Klorini ya bwawa inapotea kabla ya jioni

Ndugu yangu, bwawa la kuogelea la lita 50,000 linalosoma klorini miligramu 3 kwa lita asubuhi na sifuri saa kumi jioni, huku ukitumia klorini ya unga ya 65% peke yake, kwanza shuku jua. Unga huo hauna kinga dhidi ya mwanga. Weka asidi ya sayanuriki, dawa inayoikinga klorini na jua, kilo 1.5, itakupa takriban miligramu 30 kwa lita. Itie kwenye soksi, uining'inize mbele ya tundu la maji yanayorudi, pampu ikizunguka. Huyeyuka polepole mno, hivyo usiipime kabla ya wiki. Isivuke 50: ikizidi klorini inazubaa, na utalazimika kumwaga sehemu ya maji.

Kisha pima klorini usiku, na tena kabla jua halijachomoza. Ikishuka zaidi ya 1 gizani, kuna mwani au uchafu. Sugua kuta, osha chujio. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ibaki 7.2 hadi 7.6.

Kupandisha klorini kwa 1 kunataka gramu 77 za unga, jioni, ulioyeyushwa kwenye ndoo. Tia unga kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Na tafadhali, usiuchanganye na vidonge vya klorini. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka.